Nani aliunga picha hizi? Maswali ya watazamaji wa Zinga

Mtu aliyekulia Zinga humdanganyi kwa jua la baharini. Pwani hii yote, kuanzia Kunduchi hadi Saadani, inatazama mashariki. Jua huchomoza majini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa bara. Basi tamthilia inapoonyesha wapenzi wawili wameketi ufukweni Bagamoyo wakiagana jioni, na nyuma yao jua jekundu limegusa maji, mtazamaji wa hapa anatambua papo hapo kwamba picha ile ilipigwa alfajiri, au haikupigwa Bagamoyo kabisa bali imeletwa kutoka upande wa magharibi wa Unguja. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Aliyeunga picha alijua? Aliamua hivyo kwa makusudi? Au aliletewa kanda ambayo haikuwa na jioni hata moja, akatumia alichokuwa nacho?

Maswali ya namna hii nimeyasikia kwa watu ambao hawajawahi kuingia chumba cha uhariri maishani mwao: wavuvi, kina mama wa mwani, vijana wa bodaboda, walimu wa shule za msingi. Wanataka kujua kwa nini sini fulani ilikatishwa kabla mzee hajamaliza kusema. Wanauliza kwa nini msichana aliyevaa kanga ya kijani mlangoni alikuwa na kanga ya njano alipofika uani. Wanakumbuka mhusika aliyetoweka katikati ya tamthilia bila kufa wala kusafiri, na mpaka leo wanauliza alikwenda wapi. Wenye kazi yao wakiulizwa hucheka kidogo na kubadili mazungumzo. Mimi nadhani maswali hayo ni uhakiki halisi wa televisheni yetu, na wanaostahili kuyajibu wangali hai, wengi wao wakiwa watu wazima sasa. Tuwaulize.

Zinga ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo. Ukitoka Dar es Salaam ukapita Bunju, Mapinga na Kerege, unaifikia kabla ya kuingia Bagamoyo mjini. Huku kuna Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, na kuna Mbegani penye chuo cha uvuvi. Ukisonga mbele kuelekea mjini kuna Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo yanayoanzia karne ya 13. Jina la Kaole, Watanzania wengi walilisikia kwenye televisheni kabla hawajalisoma kwenye kitabu cha historia.

Televisheni Tanzania Bara ilichelewa sana. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulingoja hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Ndipo zikaja tamthilia za kwetu, zenye watu wanaovaa kama sisi na kugombana kama sisi: Mambo Hayo, kisha kazi za kundi la Kaole Sanaa. Kaole ndiko tulikowafahamu Muhogo Mchungu, Bi Hindu, Swebe, Nora, Dk. Cheni, Johari na Ray. Ndiko alikojiunga kijana Steven Kanumba, akaonekana mwaka 2002 katika Jahazi na Dira, akiwa na miaka 18. Miaka kumi baadaye, tarehe 7 Aprili 2012, alifariki dunia, na Dar es Salaam ikasimama kumzika.

Enzi hizo vijiji vingi vya huku havikuwa na umeme. Mwenye televisheni alikuwa mmoja, na televisheni yenyewe ilikula betri ya gari. Watu walikaa mkekani, watoto mbele, wanaume wamesimama nyuma wakijifanya wanapita tu. Ninachokikumbuka kuliko hadithi yenyewe ni namna kipindi kilivyokwisha: mtu anafungua barua, au anamwona aliyedhaniwa kafa, kamera inamsogelea, uso unaganda, na wimbo unaingia. Watu wanapiga kelele za uchungu. Wiki nzima inayofuata mazungumzo ni uso ule ulioganda. Sasa, uso haugandi wenyewe. Kuna mtu aliyekaa chumbani akachagua nukta ile, kabla ya kope kushuka, kabla ya mdomo kufumbuka kusema neno ambalo lingemaliza hamu yetu. Wiki nzima ya mazungumzo ya Zinga iliamuliwa na kidole chake.

Kazi yake ilikuwaje? Naieleza kwa kirefu kidogo, maana nusu ya maswali ya watazamaji yanajibika mtu akishaijua mitambo.

Kabla ya kompyuta kuingia, picha ziliungwa kwa deki mbili. Ya kwanza inacheza kanda mbichi, yaani ile iliyotoka kwenye kamera na makosa yake yote: mwongozaji akipiga kelele, mwigizaji akicheka, jogoo akiwika. Ya pili inarekodi kanda safi. Kila deki ina kioo chake, na katikati kuna ubao wenye gurudumu la kuzungushia mkanda mbele na nyuma. Mhariri anatafuta mahali sini inapoanzia, anaweka alama. Anatafuta inapoishia, anaweka alama nyingine. Akibonyeza, kanda zote mbili zinarudi nyuma sekunde kadhaa, zinaanza kukimbia pamoja ili zishike mwendo, na zikifika kwenye alama deki ya pili inaanza kunakili. Picha za televisheni yetu zilikuwa 25 kwa kila sekunde moja. Mhariri mzuri alikuwa anagombania picha mbili au tatu kati ya hizo, muda ambao jicho la kawaida halioni lakini moyo unausikia.

Chukua sini ndogo kabisa. Mama anasikia hodi, anafungua mlango, anamkuta mwanawe aliyepotea miaka mitano. Kamera ni moja, kwa hiyo sini imepigwa mara tatu: mara moja kwa mbali wote wawili wakionekana, mara moja usoni kwa mama, mara moja usoni kwa kijana. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu imepita saa nzima. Jua limehama, kivuli cha mlango kimerefuka. Mara ya kwanza kulikuwa kimya, mara ya pili kuna adhana, mara ya tatu kuna lori limewashwa barabarani. Mhariri akiunga nyuso hizo kwa kupokezana, mama, kijana, mama, kijana, sauti ya nyuma itarukaruka: adhana, lori, adhana, lori. Mtazamaji hatajua ni nini, lakini atahisi kuna jambo haliko sawa, na machozi ya mama yatapotea bure. Afanye nini? Anaweza kuacha picha ya mbali iende mpaka mwisho bila kukata. Anaweza kuweka muziki juu ya yote. Ukiangalia tamthilia za zamani ukaona muziki umeingia kwa nguvu mahali ambapo hukuutarajia, sikiliza vizuri chini yake. Mara nyingi kuna lori.

Kulikuwa na jambo jingine lililowabana wahariri wa zama hizo. Kanda safi ilijengwa kwa mfuatano, kipande baada ya kipande. Ukishafika dakika ya ishirini ukagundua sini ya dakika ya nne inahitaji kufupishwa, huwezi kuichomoa peke yake. Unarudia yote kuanzia pale, au unanakili kanda nzima kwenye kanda nyingine. Na kila nakala inakula rangi: wekundu unavuja nje ya nguo, nyuso zinakuwa na ukungu, kingo zinatetemeka. Kwa hiyo mhariri aliamua mapema na akaishi na uamuzi wake. Tunaposema tamthilia za zamani zilitulia, kwamba watu walizungumza mpaka wakamaliza, utulivu huo ulitoka sehemu mbili. Ulitoka kwa waigizaji waliofundwa jukwaani, wanaoweza kushikilia mazungumzo ya dakika sita bila kukosea. Na ulitoka kwenye deki, ambazo zilifanya kila mkato uwe na gharama. Mimi naupenda mwendo ule. Nikiangalia tamthilia ya leo inayokata kila sekunde mbili, natamani wakati mwingine mhariri angenyimwa kompyuta kwa siku moja.

Kwingine duniani, udadisi huu wa mashabiki umezaa maarifa makubwa. Wamarekani wanayo tamthilia ya vichekesho ya I Love Lucy, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 15 Oktoba 1951. Wakati huo vipindi vingi vya New York vilirushwa moja kwa moja, na nakala iliyobaki ilikuwa hafifu, imepigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni. Nyota wake, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, walitaka kubaki California, wakakubaliana kazi yao ipigwe kwenye filamu halisi ya sinema, kwa kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Karl Freund, aliyewahi kufanya sinema kubwa Ujerumani, ndiye aliyesimamia taa na kamera. Kisha filamu zote tatu zikamwangukia mhariri Dann Cahn, ambaye alipaswa kuziangalia kwa pamoja ili achague. Ikatengenezwa mashine yenye vioo vitatu, kubwa kiasi kwamba waliibatiza jina la zimwi. Mashabiki walikuwa na hamu ya kujua, Cahn aliulizwa, akaeleza mpaka uzeeni mwake, na leo mwanafunzi wa uhariri popote alipo anaweza kujua maamuzi yale yalifanywaje. Kwa kuwa ilikuwa filamu na ilitunzwa, picha zake bado zinang'aa.

Huku kwetu mashabiki wanajibu wenyewe, kwa elimu waliyo nayo. Nilikaa siku moja kwenye kibanda umiza cha huku, mpira umeahirishwa, mwenye kibanda akaweka tamthilia ya Kiswahili ambayo sitaitaja jina, kwa sababu waliotengeneza walikuwa wachanga na walijitahidi. Hadithi ilikuwa ya pwani. Usiku, mhusika anamsubiri mwenzake chini ya mwezi mpevu, duara kamili, umepigwa vizuri sana. Kesho yake asubuhi, saa nne kwa maelezo ya mhusika mwenyewe, wanakutana ufukweni, na bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko.

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mkulima wa mwani, alisema kwa sauti kwamba hiyo si kesho yake. Wenzake wawili wakakubali. Wanaume wakataka maelezo, naye akawapa. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua. Wakati wa bamvua, saa nne asubuhi bahari imekupwa, tena imekupwa mbali. Ndiyo saa ambayo yeye na wenzake wako shambani kwao, wanafunga mwani kwenye kamba, maji magotini. Maji kujaa saa nne asubuhi ni ya siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwa hiyo kati ya usiku ule na asubuhi ile imepita wiki nzima. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulifikiria: nguo za yule dada zilikuwa zilezile na nywele zilezile, maana yake walimwambia asisuke wala asifumue kwa wiki nzima, na hiyo ni taabu.

Mama yule hajui jina la kazi anayoikagua. Anachokijua ni kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwamba bamvua huinua na kushusha bahari kwa zaidi ya mita 3. Kwa elimu hiyo alisoma ratiba ya upigaji picha ya watu asiowajua. Wavuvi nao wana ya kwao. Ngalawa zikiwa zimetia nanga, wakati wa kaskazi zinaelekeza omo upande mmoja, kusi ikivuma zinageuka. Mvuvi akiona tamthilia ambayo mtu anatoka nyumbani ngalawa zikitazama kaskazi na anarudi jioni zikitazama kusi, anajua kazi ile ilianza Januari ikamaliziwa Julai. Labda fedha ziliisha katikati. Labda mwigizaji aliugua. Hiyo nayo ni habari ya namna tamthilia ilivyotengenezwa, imebaki imeandikwa baharini nyuma ya waigizaji.

Nawaomba wahariri wasione haya kwa hili. Kazi yao ni kuifanya miezi sita ionekane siku moja, na kwa watazamaji wengi wa Dodoma au Mwanza walifanikiwa. Wakaazi wa pwani wanaona mishono kwa sababu wanaishi ndani ya picha.

Wameishi humo zaidi tangu ilipokuja tamthilia ya Siri ya Mtungi. Hii ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa 2012, wakati ambao Dar es Salaam ilikuwa inazima mitambo ya analojia na watu wanahangaika na ving'amuzi. Iliandaliwa na shirika la MFDI, Jordan Riber na Karabani wakiwa usukani, kwa fedha za msaada wa Marekani na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, lengo likiwa kuzungumzia VVU na uzazi wa mpango bila kuhubiri. Ilikwenda misimu miwili, vipindi 26. Ilipigwa Bagamoyo na Dar es Salaam, na mhusika wake mkuu, Cheche, ni mpiga picha. Mzee Kizito na wake zake, Duma aliyeigizwa na Daudi Michael mpaka jina likamganda: watu hao bado wanatajwa mitaani kama jamaa wa ukoo.

Kwa mtazamaji wa Zinga, Siri ya Mtungi ilikuwa jambo jipya kabisa. Nuru ya milango ya mawe ya Bagamoyo, vumbi la uchochoro, sauti ya bahari iliyorekodiwa mpaka ukasikia umbali wake, vyote vilitunzwa. Hapa uhariri ulikuwa wa kompyuta. Sini inachomolewa, inarudishwa, inajaribiwa kwa namna nane, na ya kwanza bado ipo salama. Kwa hiyo maswali nayo yakabadilika. Watu hawaulizi tena kwa nini rangi imevuja. Wanauliza njia. Mtu wa huku anaujua mji wa Bagamoyo kwa nyayo zake, kutoka stendi mpaka ufukweni, kutoka Mji Mkongwe mpaka Caravanserai, na anapoangalia mhusika akikata kona anatembea naye. Kona ikifunguka mahali pasipofuatana na kona ile, anasimama. Mlango wa tamthilia unaweza kufunguliwa Bagamoyo na sebule yake ikawa Dar es Salaam, kilomita 60 na kitu mbele, na mhusika akaingia bila kutokwa jasho. Ndivyo tamthilia zinavyotengenezwa dunia nzima. Lakini mtu anayeishi mkabala na mlango ule ana haki ya kuuliza, kwa sababu anajua ndani yake kuna nini.

Hamu ya kujua haikomei kwenye kazi za nyumbani. Sultan ilipoingia Azam TV kwa Kiswahili, watu wa huku walishangaa kwa nini vipindi vingi vinakatika katikati ya mazungumzo, bila ule uso ulioganda waliouzoea. Jibu lipo. Tamthilia hiyo ya Kituruki ilikuwa na vipindi 139, na kila kimoja kilikuwa kirefu kama sinema, kikionyeshwa Uturuki mara moja kwa wiki. Ilipouzwa nje, kila kipindi kilikatwa vipande vya kama dakika 45. Mwisho aliouunga mhariri wa Istanbul kwa makini ukaangukia kwenye kipande cha pili au cha tatu, na vipande vingine vikaishia popote saa ilipogota. Kabla ya hapo, mwaka 2011, TBC ilituonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Humo tatizo lilikuwa midomo. Sentensi ya Kichina ni fupi, ya Kiswahili inajinyoosha, na mhariri wa sauti analazimika kupunguza silabi au kuacha maneno yaendelee mhusika akiwa ameshageuka mgongo. Ukiangalia tena utaona ni mara ngapi watu husema jambo refu wakiwa wamegeuka.

Narudi kwenye Kaole, kwa sababu hapo ndipo pana haraka. Kazi za kompyuta zina nakala. Siri ya Mtungi iliwekwa mtandaoni na mtu anaweza kuikagua mkato kwa mkato. Tamthilia za zama za deki ziliishi kwenye mkanda, na mkanda ni kitu dhaifu: utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Unyevu wa pwani unaulainisha, kuvu nyeupe inaota kwenye kingo zake. Tena mkanda ulikuwa ghali, na kila mahali duniani wenye vituo waliufuta ili wautumie upya. BBC, shirika tajiri, lilifuta sehemu kubwa ya tamthilia ya Doctor Who ya miaka ya 1960, na hadi leo vipindi vingi vya miaka hiyo vinatafutwa kote duniani. Sehemu ya kilichookoka iliokolewa na mashabiki. Vijana waliweka vinasa sauti vyao mbele ya televisheni sebuleni, wakarekodi kwa upendo tu, na kwa sababu yao sauti ya kila kipindi kilichopotea ipo.

Fikiria kanda mbichi za zile tamthilia za 2002. Humo, kabla ya mkato, kuna Kanumba wa miaka 18 anarudia sentensi moja mara nne, kila mara anaitafuta kwa njia nyingine. Kilichorushwa ni mara ya nne. Mara tatu za kwanza ndizo zingemfundisha kijana wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, TaSUBa ya sasa, namna mwigizaji anavyojengeka. Na aliyechagua mara ya nne badala ya ya tatu anaweza kusema kwa nini. Aalikwe TaSUBa, awekewe kipindi kimoja kwenye kioo kikubwa, kisimamishwe kila mkato, na ukumbini wawepo wanafunzi pamoja na kina mama wa mwani na wavuvi wa Mlingotini. Jina lake lisemwe. Watazamaji wanawajua waigizaji wote kwa majina ya kisanii na ya kuzaliwa. Aliyeamua lini uso ugande hawamjui, kwa sababu jina lake lilipita haraka mwishoni, herufi ndogo, wakati watu wanainuka mkekani.

Na kuna jambo ambalo halihitaji ukumbi wala mwaliko. Kando ya barabara hii, kuanzia Mapinga mpaka Bagamoyo, kuna nyumba ambazo baba au mjomba alikuwa na deki, na jioni ya tamthilia aliirekodi ili aliyekuwa baharini au safarini aje kuiona. Kanda hizo ziko juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Huenda nyingine ndizo nakala pekee zilizobaki. Ukiikuta, isimamishe wima mahali pakavu, mbali na spika, maana spika ina sumaku. Tazama kwenye kidirisha chake. Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiiingize kwenye deki kabla haijasafishwa, itachafua kichwa cha mashine na kukatika. Usirekodi kitu kingine juu yake. Andika kwenye karatasi ni ya nani na ya mwaka gani, hata kwa kukisia. Kisha umpelekee fundi anayehamishia kwenye kompyuta, na umwambie ahamishe yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na taarifa ya habari iliyofuata na matangazo ya sabuni yaliyoingia katikati. Atataka kuyaondoa ili kazi iwe safi. Mkatalie, kwa sababu pale tangazo la sabuni linapoingia ndipo mhariri alipoamua kuisimamisha hadithi, na tunataka kujua kwa nini alichagua pale.